“Asubuhi nakunywa chai tu, mbona sipungui?”

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro, nina miaka 43, mume na watoto watatu. Mwezi uliopita nilipima sukari kabla sijala, ikasoma 6.4. Nesi akaniambia haijawa kisukari ila iko njiani, nipunguze uzito na niwe naandika ninachokula. Nina kilo 84. Nilipakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, ikawa inaniuliza gramu za ugali, na sisi tunakula sinia moja. Siku ya nne nikaiacha. Halafu naona kama sina cha kuandika: asubuhi nakunywa chai tu, mchana nakula kidogo, usiku ugali wa kawaida. Mume wangu anasema kuandika chakula ni mambo ya wazungu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nesi wako amekwambia sawasawa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 imepita kawaida lakini haijafika kuitwa kisukari. Kisukari huanzia 7.0, na hata hapo kipimo hurudiwa. Kwa hiyo umeambiwa mapema, wakati bado kuna kazi ya maana ya kufanya kwa mikono yako mwenyewe.

Na kazi hiyo imeshajaribiwa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye sukari iliyopanda kama yako. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na walitakiwa kuandika wanachokula. Waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo 6 hivi. Hakuna aliyekutaka urudi kwenye gauni la harusi. Kutoka 84 kushuka hadi 78 tayari ni hatua kubwa kwa sukari yako.

Sasa niende kwenye sentensi iliyonishika katika barua yako: “asubuhi nakunywa chai tu.”

Nimeisikia sentensi hiyo kliniki mara nyingi mno, na wanaoisema hawadanganyi. Ni Kiswahili chetu chenyewe kilivyo. Kwetu “kula” ni ugali, wali, ndizi, makande. Mtu akishapata chapati mbili, yai na vikombe viwili vya chai, ukimkaribisha anasema, “Ahsante, nimekunywa chai.” Saa 8 mchana kama hajagusa wali anasema hajala tangu asubuhi. Karanga si kula. Muhogo wa kukaanga wa njiani ni kupoza njaa. Tonge mbili za “karibu tule” kwa jirani ni adabu. Kipande cha nyama ulichokichota sufuriani ni kuonja. Ugali aliouacha mtoto ni kuepusha chakula kisimwagwe. Kila kimoja kina jina lake, na hakuna hata kimoja kinachoitwa chakula. Ukiulizwa umekula nini leo, unataja milo miwili, na unaamini kabisa unachosema.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha habari za watu 10 waliokuwa wakisema wanakula kalori chini ya 1,200 kwa siku na bado uzito haushuki. Walipopimwa kwa maji maalumu yanayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani, ilionekana wanakula karibu mara mbili ya walichoandika. Miili yao ilikuwa ikiunguza chakula kama ya watu wengine, ila kumbukumbu zao ndizo zilizokuwa na matundu. Kwa hiyo unaposema nakula kidogo na sipungui, nakuamini kwamba ndivyo unavyoona. Daftari ni la kukuonyesha vile ambavyo lugha imevificha.

Hapa chini nakuwekea ukurasa mmoja. Si wa mtu mmoja. Nimeuunga kutokana na kurasa nyingi nilizowahi kusoma za watu wenye siku kama yako.

Jumanne.
Saa 11:40 alfajiri, jikoni nimesimama: chai ya rangi kikombe kikubwa, sukari vijiko 3. Nusu andazi la mtoto.
Saa 4:10, ofisi ya walimu: chai ya maziwa, sukari 3, chapati 2.
Saa 7:30 mchana, kwa mama ntilie: wali maharage sahani 1, mchicha kijiko kimoja.
Saa 10:15, kituoni: soda 1, karanga mfuko mdogo.
Saa 12:30 jioni, napika: samaki wa kukaanga kipande kidogo, mchuzi wa kuonja.
Saa 1:15 usiku, na jirani: chai, sukari 3.
Saa 2:30 usiku: ugali, samaki, matembele.
Saa 3:00 usiku, natoa vyombo: ugali uliobaki wa mdogo.

Mwenye ukurasa huu angekwambia kwamba amekula mara mbili, mchana na usiku. Hebu tuusome pamoja.

Chukua sukari kwanza. Kijiko cha chai kilichofutwa juu kina gramu 4 hivi. Sisi hatukifuti, tunachota kikiwa na kilima, na kilima hicho hukifikisha gramu 6 au zaidi. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu ni vijiko 9, yaani gramu 54. Ongeza soda ya chupa, ambayo huwa na zaidi ya gramu 30. Tumeshapita 80. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asipite gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingefaa zaidi ashuke hadi 25. Nawe una 6.4.

Halafu zile chapati mbili za “chai tu”. Kilo moja ya unga wa ngano ukiigawa chapati 12, kila moja imebeba gramu 83 za unga. Mbili ni gramu 166, kabla hujahesabu mafuta ya kukandia na ya kuchomea. Unga wa kiasi hicho ungepikiwa ugali, ungepata sahani ya mtu aliyetoka shambani. Kwa hiyo saa 4 ulikula mlo kamili, saa 7:30 ukala mwingine, na huo wa pili ndio uliouita wa kwanza. Kwenye kurasa nilizosoma, hapo ndipo penye uzito mwingi uliojificha, na watu wakipaona huwa wananyamaza kidogo.

Ukurasa unaonyesha pia kilichokosekana. Tunda halipo kabisa. Mboga ni kijiko kimoja mchana na matembele usiku. Ushauri ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wewe unaishi mji unaopokea mboga na matunda ya Mgeta! Programu ya simu isingekwambia hilo kwa sababu ilikuwa inahangaika na gramu za ugali.

Kuhusu hiyo programu, umefanya vizuri kuiacha. Nyingi zimejengwa juu ya vyakula vya Marekani na Ulaya, na majina ya vyakula vyetu mara nyingi yamejazwa na watumiaji wenyewe, kila mmoja na makisio yake. Vipimo vya vyakula vyetu vipo: Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania mwaka 2008, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2018. Sisi wataalamu tunayatumia. Wewe kwa sasa huyahitaji. Anayeanza akihesabu kalori huishia kuhesabu zile rahisi kuhesabika, biskuti za pakiti kwa mfano, na kuacha ugali na mafuta.

Nunua daftari dogo linaloingia kwenye mkoba. Andika saa, mahali, ulichotia mdomoni na kipimo cha nyumbani: kikombe, kijiko, bakuli, kipande. Andika pale pale, au angalau kabla saa hiyo haijaisha. Ukisubiri usiku utaandika ile milo miwili na kulala. Kama ofisini unaona haya kutoa daftari, piga picha ya sahani kwa simu, uje uiandike nyumbani, ila kumbuka picha haionyeshi vijiko vya sukari wala mafuta.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu nina ombi moja. Usilisahihishe. Usitie mkasi, usijipe alama, usiandike “leo nimeharibu”. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, kula kama ulivyozoea, andika tu. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza daftari siku ile ile wanayoanza kujinyima. Siku nne za kwanza zinakuwa za kupendeza, ya tano wanashindwa, wanaona aibu kuandika kushindwa kwenyewe, na daftari linafia hapo. Umealikwa harusini Jumamosi? Andika pilau, soda mbili na keki. Uko msibani? Andika ulichopewa. Siku za namna hiyo ndizo hasa ninazopenda kuziona.

Tuje kwenye sinia. Huna haja ya kujitenga na sahani yako kama mgonjwa, jambo ambalo najua lingeleta maneno nyumbani. Ukishasonga ugali, ufinyange kwa bakuli iliyoloweshwa maji, ile ile kila siku, ndipo uweke mafungu kwenye sinia. Utajua fungu lako ni bakuli moja, na watoto watafurahia umbo lake. Kama kwenu mnamega kwenye lundo moja, hesabu matonge. Usijali kwamba tonge lako si sawa na la jirani yako. Kipimo cha kienyeji kisichobadilika kinafaa kuliko gramu za kubahatisha, kwa sababu unachotaka kujua ni kama wiki hii umekula zaidi ya wiki iliyopita.

Lakini kuna vitu vitatu ambavyo hakuna daftari la mtu mmoja linaloweza kuvikamata: mafuta, chumvi na sukari ya chupa ya chai ya familia. Vimeshayeyuka ndani ya sufuria. Hapa ninafundisha njia ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kupima nyumba nzima. Siku unayofungua chupa ya mafuta, chukua kalamu uandike tarehe kwenye chupa. Vivyo hivyo kwenye pakiti ya sukari na ya chumvi. Kisha subiri viishe.

Nyumbani kwenu mko watano. Tuseme lita moja ya mafuta imekwenda siku 6. Mililita 1,000 ukigawa kwa 6, halafu kwa 5, unapata mililita 33, zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chakula kwa kila mtu kwa siku, ambavyo ni kalori 270 na ushei. Hazionekani popote kwenye sahani. Kama unanunua mafuta ya kupima kwenye chupa ndogo gengeni, andika kila unaponunua, maana kununua kidogo kidogo ndiko kunakoficha jumla. Kilo ya sukari ikienda siku 6 kwa watu watano ni gramu 33 kwa kila mmoja, na hapo hujaongeza chai ya shuleni, soda na juisi. Chumvi mtu mzima anashauriwa asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na watoto chini ya hapo. Watu watano, hata tukiwahesabu wote kama watu wazima, ni gramu 25. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa ikae siku 20 angalau. Ikiisha siku ya 12, nyumba nzima inakula chumvi kupita kiasi, na presha ya mume wako nayo imo humo.

Hesabu hii ina faida nyingine: haimnyooshei mtu kidole. Hakuna anayeambiwa “wewe umenenepa”. Ni chupa ya mafuta tu iliyoandikwa tarehe, na watoto wako wanaweza kuipigia hesabu ya kugawanya kama zoezi la jioni. Na mume wako akirudia kwamba kupima chakula ni kwa wazungu, mkumbushe kibaba na pishi. Bibi zetu walipika kwa kibaba, walijua vibaba 4 ni pishi, walijua nyumba yao inakula vibaba vingapi na akija mgeni waongeze kiasi gani. Zaka ya Fitri mpaka leo inatajwa kwa pishi. Kupima tulikuwa nako. Kilichopotea ni chombo tu, tulipoanza kumimina kutoka kwenye mfuko.

Wiki ya pili kaa na kurasa zako saba na kalamu ya rangi nyingine. Zungushia kitu kinachojirudia. Usitafute kibaya kuliko vyote, tafuta kinachorudi karibu kila siku na ambacho ukikipunguza hutakililia. Kimoja tu. Kwa mwenye ukurasa wa Jumanne ningemshauri aanze na sukari: vijiko 3 viwe 2 katika kila kikombe, kwa wiki mbili, kisha kimoja na nusu. Kwa vikombe vitatu, kijiko kimoja kimoja kinaondoa gramu 18 kwa siku. Wiki ya kwanza chai itaonekana imepooza, halafu ulimi unazoea, mpaka siku utakayotiliwa vitatu ugenini utaona ni sharubati.

Sukari ikishatulia, nenda kwenye chapati za saa 4. Usiseme “nitaacha”, maana njaa ya saa 4 ni njaa ya kweli ya mtu aliyeamka alfajiri na kufundisha vipindi vitatu. Iandalie kitu kingine. Muulize mama anayewaletea vitafunwa kama anaweza kuja na viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na mayai. Kipande cha kiasi na yai moja la kuchemsha vitakufikisha mchana. Au bakisha chapati moja na ongeza ndizi mbivu. Baada ya hapo mboga: nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu au kabichi, kisha ndipo wali au ugali uingie nusu iliyobaki pamoja na maharage au samaki. Kila badiliko lipe wiki mbili kabla ya kuongeza jingine. Najua ni taratibu kuliko matangazo yanayoahidi kilo 10 kwa mwezi. Ila hicho unachobadilisha taratibu unaweza kukila mpaka uzeeni.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kwenye mzani ule ule, na uandike pembeni. Uzito hupanda na kushuka kilo moja kwa maji na chumvi tu, kwa hiyo usisome siku, soma mwezi.

Tahadhari chache, na hizi ni kwa wasomaji wote. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi asipunguze milo kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla na hiyo ni hatari. Mjamzito asifanye haya kwa lengo la kupungua. Na mtu ambaye amewahi kujinyima chakula mpaka akaumwa, au kula na kujitapisha, asiguse kabisa hesabu hizi bila mtu wa kumsimamia. Wewe mwenyewe ukiona unaficha chakula ili usikiandike, au unaruka mlo ili ukurasa upendeze, funga daftari na uende ukaonane na afisa lishe wa hospitali yako.

Hutaandika maisha yako yote. Andika kila siku kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha wiki moja katika kila mwezi, na urudi kwenye daftari sukari au uzito ukianza kupanda tena. Miezi mitatu ikitimia rudia kipimo cha kabla ya kula, na kama kituo chenu wanacho, omba kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Nenda na daftari mkononi. Anayekupima akiuliza unakula nini, mfungulie Jumanne yoyote asome, kuanzia ile chai ya alfajiri.